Aliyeasiliwa na Jalada Lake: Barua ya Wazi kwa Msajili wa Uasili, Pretoria

Kwa: Msajili wa Uasili, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Pretoria
Nakala: Wizara ya Mambo ya Ndani, Mahakama ya Watoto, Johannesburg

YAH: WATU WAZIMA WANAOWATAFUTA WAZAZI WALIOWAZAA

Kifungu cha 248 cha Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya mwaka 2005, kinampa mtu aliyeasiliwa haki ya kupata taarifa zake zilizomo katika daftari la uasili akishatimiza miaka 18. Hahitaji ridhaa ya mama aliyemzaa wala ya wazazi waliomlea. Sheria hiyo ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Aprili 2010, na kwa jambo hili imezitangulia sheria nyingi za bara hili. Nchini Kenya na Tanzania, zilizorithi utaratibu wa Kiingereza wa zamani, daftari linalounganisha cheti cha kwanza cha mtoto na kile cha baada ya kuasiliwa hufunguliwa kwa amri ya mahakama. Kijana wa Johannesburg hana haja ya kusimama mbele ya hakimu. Anaandika barua Pretoria.

Haki hiyo, hata hivyo, ni haki ya kusomewa daftari, na daftari halijui zaidi ya kilichoandikwa ndani yake. Jina likishapatikana, sheria haisemi ni nani amtafute mwenye jina, kwa muda gani, wala kwa gharama ya nani. Mashirika na maofisa binafsi wa ustawi wa jamii wanaofanya kazi hiyo hutoza ada. Asiye na fedha husubiri zamu yake kwa ofisa wa serikali mwenye mafaili ya watoto wanaopigwa na kutelekezwa leo, na ofisa huyo hawezi kulaumiwa akimweka pembeni mtu mzima wa miaka 45 ambaye hayumo hatarini. Pengo hilo kati ya jina na mwenye jina ndilo linaloletwa mbele ya Msajili.

Wanaoanza kutafuta hudhani kwamba jalada lao ni moja. Kwa kawaida ni manne. La kwanza liko katika mahakama ya watoto iliyotoa amri ya uasili. La pili liko kwa Msajili, ambaye kifungu cha 247 kinamtaka atunze daftari la amri zote. La tatu liko Wizara ya Mambo ya Ndani, inayobadilisha kumbukumbu ya kuzaliwa ili mtoto aonekane wa wazazi wapya. La nne, ambalo mara nyingi ndilo lenye nyama, liko katika shirika lililompokea mama: humo mna taarifa ya ofisa aliyezungumza naye, umri wake, kazi yake, kanisa lake, sababu alizozitoa, pengine picha au barua aliyoiacha. Johannesburg ina majalada ya namna hiyo ya muda mrefu. Shirika la ustawi wa watoto la jiji, Johannesburg Child Welfare, lilianzishwa mwaka 1909, na nyumba yake ya Princess Alice huko Westcliff ilipokea watoto wachanga waliosubiri kuasiliwa kwa miongo mingi.

Tabu ni kwamba majalada haya manne yana wenyewe wanne wasiozungumza kila siku, na lile la nne ni mali ya shirika la hiari. Mashirika hufa. Hukosa wafadhili, huhama jengo, huungana na mengine, na makabati yakabaki kwenye stoo ya mtu. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu uasili baina ya nchi, ambao ulianza kutumika Afrika Kusini tarehe 1 Desemba 2003, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 30 zihifadhi taarifa za asili ya mtoto, utambulisho wa wazazi wake na historia yao ya afya. Mtoto aliyepelekwa Finland au Uholanzi ana mkataba huo nyuma yake. Aliyeasiliwa na familia ya Randburg au Soweto haguswi na mkataba huo, ingawa jalada lake laweza kuwa lilikaa katika kabati lilelile. Ingekuwa haki Wizara ikaagiza kwamba shirika lolote linalofunga kazi za uasili likabidhi majalada yote kwa Msajili, na Msajili akatangaza orodha ya yaliyopokelewa.

Yaliyomo ndani ya jalada hutegemea mtu aliasiliwa lini. Uasili wa kisheria nchini Afrika Kusini ulianza kwa sheria namba 25 ya mwaka 1923. Sheria ya Kiroma na Kidachi iliyotumika kabla yake haikuutambua. Zikafuata sheria za 1937, 1960 na 1983. Chini ya utawala wa makaburu, mtoto aliasiliwa ndani ya kundi la rangi aliloandikishwa kwa Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950, na mpaka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1991 familia ya rangi moja haikuweza kuasili mtoto wa rangi nyingine. Kwa hiyo jalada la miaka ya 1960 lina mambo mengi kuhusu rangi ya nywele na ngozi ya mama, na machache mno kuhusu baba.

Suala la baba linastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndiko watafutaji wengi wanakokwama. Sababu ya kwanza ilikuwa woga wa jela. Sheria ya Maadili, iliyoanza mwaka 1927 na kupanuliwa mwaka 1950, ilifanya tendo la ndoa kati ya Mzungu na mtu wa rangi nyingine kuwa kosa la jinai hadi ilipofutwa mwaka 1985. Mama wa Kizungu aliyemtaja baba Mwafrika mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa anaandika ushahidi wa kosa lake mwenyewe na la mwenzake. Alinyamaza, au alitaja jina la uongo. Mtoto wa mama huyo leo anaweza kuwa na umri wa miaka 50 au 60, na anaposoma "baba hajulikani" hana budi kujua kwamba maneno hayo pengine yaliandikwa ili kumkinga mtu.

Sababu ya pili ilikuwa sheria ya uasili yenyewe. Mama akiwa hajaolewa, ridhaa yake pekee ilitosha. Baba hakuulizwa, na asiyeulizwa hana sababu ya kuandikwa. Hali hiyo ilivunjwa na Mahakama ya Katiba mwezi Februari 1997 katika kesi ya Fraser dhidi ya Mahakama ya Watoto ya Pretoria Kaskazini. Baba alitaka kumlea mwanawe mwenyewe, mama akamtoa mtoto kwa wanandoa wengine, na majaji wakaona kwamba sheria iliyowafungia nje baba wote wasio na ndoa, bila kutazama uhusiano wao na mtoto, ilikiuka usawa. Bunge likapewa miaka miwili kuirekebisha. Walioasiliwa kabla ya hapo, kama wazazi wao hawakuoana, wasitarajie saini ya baba popote.

Sababu ya tatu ni ya juzi tu. Mpaka Septemba 2021, kifungu cha 10 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilimzuia baba asiye na ndoa ya kiserikali kumwandikisha mtoto kwa jina lake la ukoo bila mama kuwapo. Kesi iliyokivunja inawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu. Naki, askari wa jeshi la Afrika Kusini, alioa mwanamke wa Kongo kwa mila. Viza ya mama ikaisha, na mtoto wao aliyezaliwa mwaka 2016 akanyimwa cheti. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho. Lakini wengi wamezaliwa Hillbrow, Yeoville na Berea kwa mama wasio na karatasi, na wale miongoni mwao waliokwenda kulelewa na wengine wamebeba kumbukumbu zenye nafasi wazi pale jina la baba lilipostahili kuwa.

Nafasi hiyo si jambo dogo kwa watu wa Johannesburg. Kwa familia nyingi za Wazulu na Waxhosa, mtoto huchinjiwa mbuzi na kutambulishwa kwa mizimu ya ukoo katika sherehe ya imbeleko, na ukoo unaohusika ndio unaobishaniwa pale mahari au fidia ya mimba haikulipwa. Mtu mzima anayeambiwa kwamba mambo yake hayanyooki kwa sababu anatumia jina la ukoo usio wake ataanza kutafuta, awe anaamini au haamini. Mwingine wa Parkhurst, aliyelelewa na Wazungu baada ya 1991, hutafuta kwa sababu ameishi miaka 25 bila kumwona mtu anayefanana naye. Ofisa wa ustawi wa jamii asimpime mmoja kwa sababu za mwingine.

Wapo wanaowajibu wote hao kwa methali: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali ni ya kweli na waleaji wanaistahili. Ila haimsaidii mtu anayeulizwa na daktari kama kwao kuna kisukari, shinikizo la damu au saratani ya matiti. Sheria inalijua hilo. Kifungu kidogo cha 248(3) kinampa aliyeasiliwa, na wazazi waliomwasili, haki ya kupata taarifa za afya za wazazi waliomzaa zinazohusu afya yake moja kwa moja, hata kabla hajafika miaka 18. Kifungu cha 242 nacho kinakata uhusiano wote wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa damu, lakini kinaacha palepale makatazo ya ndoa: aliyeasiliwa haruhusiwi kumwoa ambaye asingeruhusiwa kumwoa kama asingeasiliwa. Sheria inamkataza kumwoa dada yake, na papo hapo haimpi njia rahisi ya kumjua dada huyo ni nani.

Ndugu, kwa kweli, wamesahauliwa kabisa. Orodha ya kifungu cha 248(1) inamtaja aliyeasiliwa, mzazi aliyemwasili, mzazi aliyemzaa, maofisa wa serikali, mahakama na watafiti. Kaka aliyebaki kwa mama hayumo. Mtoto wa aliyeasiliwa, ambaye mzazi wake amekufa kabla ya kuuliza, hayumo. Wote hawa wamebakiwa na mlango wa mahakama, nao wanapaswa kuonyesha kwamba kufichua taarifa kuna maslahi kwa aliyeasiliwa, hata kama anayeongelewa ni bibi aliyekwisha zikwa.

Jambo la kushangaza zaidi linamhusu mama mwenyewe. Yeye anaweza kupata taarifa baada ya mtoto kufika miaka 18, lakini kwa ridhaa ya maandishi ya watu wawili: mtoto na mzazi aliyemwasili. Mtoto akiwa na miaka 19, takwa hilo linaeleweka. Akiwa na miaka 50, mwenye watoto na pensheni yake, bado sheria inasubiri saini ya mzazi wake. Hili halimlindi mtu yeyote. Mwanamke aliyesaini ridhaa akiwa na miaka 17, pengine kwa shinikizo la baba yake mchungaji, leo ni mzee, na kila mwaka unaopita unawapunguza wanaoweza kukutana. Kwa watu wazima, ridhaa ya aliyeasiliwa ingetosha.

Ireland ilikuwa na historia chungu ya nyumba za mama wasioolewa, na mwaka 2022 ilitunga sheria inayofaa kutazamwa Pretoria. Iliweka daftari la hiari ambamo mzazi au mtoto huandika kama anataka kukutana, kuandikiana barua, au kutoguswa kabisa. Mzazi akiandika kwamba hataki mawasiliano, mtoto hapotezi haki ya kujua jina lake la kuzaliwa. Huzungumza kwanza na ofisa anayemweleza uamuzi wa mzazi. Sheria hiyohiyo ikaweka huduma ya serikali ya kutafuta. Uingereza nayo ilipofungua majalada kwa sheria ya 1975, wale walioasiliwa zamani walitakiwa wapate ushauri nasaha kwanza, kwa kuwa mama zao waliahidiwa siri. Scotland ilikuwa imeruhusu tangu 1930, bila dunia kuanguka. Afrika Kusini imechagua njia ya katikati: Mkurugenzi Mkuu wa Wizara anaweza kumtaka mwombaji apate ushauri nasaha kabla ya kupewa taarifa. Si lazima kwa kila mmoja, na ni vizuri iwe hivyo, mradi ukitakiwa upatikane bure na upesi.

Daftari la hiari lingesaidia hasa katika hatua ngumu kuliko zote, ile ya kubisha hodi mara ya kwanza. Ofisa mzoefu humwandikia mama barua isiyotaja kitu, akiomba apige simu kuhusu jambo la binafsi la mwaka fulani. Mwenye siri huelewa. Mume akiisoma haelewi. Mtafutaji aliyechoka kusubiri hafanyi hivyo. Huenda mwenyewe mtaani, huuliza duka kwa duka, na katika mtaa wa Soweto au Alexandra mgeni anayeulizia jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa hueleweka kabla hajafika mlango wa tatu. Mama akikana, mara nyingi anawakana majirani wanaochungulia, na mlango huo ukishafungwa huwa vigumu kuufungua tena.

Vipimo vya vinasaba vimeongeza haraka hiyo. Mtu hutema mate kwenye kichupa, hukituma ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa huonyeshwa orodha ya binamu. Waliozaliwa katika familia za Kizungu hupata majibu mazuri, kwa sababu hifadhi za kampuni hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mzaliwa wa Orlando au Tembisa hupata binamu wa mbali wachache, au hapati kitu. Teknolojia inayosifiwa kwamba imeondoa haja ya Msajili imeondoa haja hiyo kwa upande mmoja wa jiji.

Kundi jingine halina hata jina la mama. Mwaka 1999 kanisa moja la Berea liliweka ukutani sanduku ambamo mama anaweza kumwacha mtoto mchanga bila kuonekana. Huduma hiyo, Door of Hope, imepokea watoto wengi tangu wakati huo. Wengine waliokotwa bustanini, hospitalini, kwenye vituo vya teksi. Kutelekeza mtoto ni kosa, kwa hiyo anayemwacha haachi anwani. Hata hivyo mtoto wa kuokotwa hakosi karatasi kabisa. Polisi walifungua jalada. Kliniki iliandika uzito wake na hali ya kitovu chake. Kabla hajahesabiwa kuwa anaweza kuasiliwa, tangazo hutolewa gazetini kumwita yeyote anayemdai, na miezi mitatu hupita. Tarehe na mahali pa tangazo hilo ndizo nyuzi pekee atakazozishika akikua. Nakala ya gazeti, namba ya jalada la polisi na maelezo ya nguo alizokutwa nazo ziingizwe katika daftari la Msajili siku ileile amri inapotolewa. Kuzitafuta baada ya miaka 20 ni kujisumbua bure.

Wapo pia wasiomo katika daftari lolote, na kwa idadi huenda ndio wengi. Bibi alimchukua mjukuu, shangazi akamlea mpwa, mama akaitwa dada. Mahakama haikuhusika, au ilihusika kwa amri ya malezi ya kambo tu, ambayo si uasili. Wakati mmoja watoto zaidi ya laki tano nchini walikuwa chini ya amri za namna hiyo. Hao wakimwandikia Msajili hujibiwa kwamba hawamo, na jibu hilo ni sahihi. Lingekuwa jibu bora kama lingewaelekeza panapofaa: kwa Wizara ya Mambo ya Ndani kuomba nakala ya fomu ya kwanza ya kuandikishwa kuzaliwa, iliyojazwa kwa mkono, au kwa mahakama iliyotoa amri ya malezi. Karatasi moja ya maelekezo ingewaokolea watu miezi ya kuzunguka.

Tangu 2010 sheria ina dawa kwa watoto wa leo. Kifungu cha 234 kinawaruhusu mzazi anayetoa na mzazi anayeasili kufanya makubaliano ya mawasiliano na ya kupeana taarifa, yakiwamo ya afya, na makubaliano hayo hupata nguvu yakishakuwa amri ya mahakama. Mtoto mwenye amri hiyo hatahitaji kutafuta. Maofisa wanaowaandaa wazazi wapya wangefanya wema kuwaeleza habari zake mapema, kabla hofu ya kunyang'anywa mtoto haijawafunga masikio.

Kwa walioasiliwa zamani, mengi yaliyotajwa hapa hayahitaji sheria mpya. Orodha ya kifungu cha 248 itahitaji Bunge: kuingiza ndugu na watoto wa walioasiliwa, na kuondoa saini ya mzazi wa kuasili kwa mtu mzima. Yaliyobaki yanaweza kufanywa kwa kanuni, ambazo Waziri ana mamlaka ya kuzitunga, au kwa agizo la ofisi. Muda wa kujibu ndio wa kuanza nao. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2000 inaipa taasisi ya umma siku 30 kumjibu raia anayeomba hati ya zabuni au kumbukumbu za kikao. Anayeomba jina la mama yake asisubiri zaidi ya hapo. Msajili anaombwa aweke muda huo kwa maandishi, na kila mwaka atangaze ni maombi mangapi yamepokelewa, mangapi yamejibiwa, na yaliyobaki yamekaa mezani kwa muda gani.